Nafasi Ipo, Diski Imejaa

Kompyuta ikigoma, wengi wetu tuna dawa moja: zima, washa. Mara nyingi inasaidia, ndiyo maana imeenea kuanzia vibanda vya steshenari mpaka ofisi kubwa. Fundi mzuri wa Linux naye anaijua, ila huiweka mwisho. Habari za kilichotokea zimo ndani ya mashine ile ile iliyogoma, na sehemu kubwa yake imo kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Saraka ya /proc, ambako kerneli, yaani kiini cha Linux, huonyesha kila programu inayoendeshwa na mafaili inayoyashikilia, haipo kwenye diski hata kidogo. Ukizima mashine, yote iliyokuwa ikiyaonyesha yamekwenda. Huduma inaweza kurudi, lakini ushahidi umepotea, na tatizo lina uhuru wa kukurudia usiku wa manane wa siku nyingine.

Nimewahi kukaa pembeni ya fundi wa aina hii, dada mmoja anayetunza seva za ofisi ndogo ndogo Dar es Salaam. Tovuti ya mteja wake ilikuwa inafunguka vizuri, ila haimruhusu mtu kuingia kwenye akaunti yake. Unaandika nenosiri sahihi, unarudishwa pale pale ulipoanzia, bila hata neno la kukueleza umekosea nini. Meneja alikuwa anapiga simu kila baada ya muda mfupi, na shauri lake lilikuwa lile lile: "Dada, si uizime tu uiwashe?" Akamjibu kwa upole, "Bosi, nipe dakika kumi kwanza."

Dakika za mwanzo hakubadilisha chochote. Aliingia kwenye seva, akafungua logi ya tovuti kwa amri ya tail ili aone mistari mipya inavyoongezeka, kisha akamwomba meneja ajaribu kuingia wakati yeye anatazama. Mstari ukatokea papo hapo: programu imeshindwa kuandika faili, hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Mwenye haraka angeanza kufuta vitu hapo hapo. Yeye aliandika df -h kuuliza diski imetumika kiasi gani. Diski ya GB 40, na iliyotumika haikufika nusu.

Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Kerneli inasema hakuna nafasi, df inasema nafasi ipo tele. Anayejifunza huamua kwamba mmoja wao anadanganya, akachagua wa kumwamini. Fundi aliyekomaa huchukulia kwamba wote wanasema kweli, kisha hujiuliza ni hali gani inayoweza kuzifanya kauli zote mbili ziwe kweli kwa pamoja. Dada yule aliandika amri ile ile kwa herufi nyingine, df -i, na safu ya matumizi ikaonyesha asilimia 100.

Kwenye ext4, mfumo wa mafaili ambao Ubuntu na Debian huutumia kwa kawaida, kila faili linahitaji vitu viwili. Linahitaji nafasi ya kuweka yaliyomo, na linahitaji inodi, yaani rekodi ndogo inayotunza mwenye faili, ruhusa zake, saa lilipobadilishwa na mahali yaliyomo yalipolazwa. Idadi ya inodi hupangwa siku diski inapofomatiwa, kwa kawaida inodi moja kwa kila baiti 16,384. Diski ya GB 40 hupata kama milioni 2.6, na hazizidi hapo mpaka diski yenyewe iongezwe ukubwa. Ni kama wilaya yenye viwanja tele ambayo hati zake zimekwisha: ardhi unaiona kwa macho, lakini hakuna wa kumilikishwa. Kerneli nayo haitofautishi. Nafasi ikiisha hutoa kosa namba 28, na inodi zikiisha hutoa namba 28 hiyo hiyo. Hata programu inayoomba kuarifiwa kila folda inapobadilika, ikivuka kikomo cha idadi ya folda za kufuatiliwa, hujibiwa 28. Kosa ni moja, vyanzo ni vitatu, na kufuta video kubwa kunasaidia kwa kimoja tu.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta mamilioni hayo yamekaa wapi. Aliandika du --inodes, akashuka folda moja baada ya nyingine akifuata yenye idadi kubwa, kutoka /var mpaka folda moja ndani ya programu ya tovuti. Alipofika hakuandika ls ya kawaida, maana ls husoma majina yote na kuyapanga kialfabeti kabla ya kukuonyesha hata moja, na mbele ya majina milioni mbili itakuweka hapo muda mrefu skrini ikiwa kimya. Aliandika ls -f, isiyopanga, akachungulia machache ya mwanzo. Kila mgeni aliyewahi kufungua tovuti alikuwa ameachiwa faili lake dogo la kumkumbuka, na roboti za injini za utafutaji, ambazo kila zikija huonekana wageni wapya, zilikuwa zimeacha mengi ajabu.

Kuyafuta nako kuna adabu yake. Ukiandika rm na alama ya nyota, nyota hugeuzwa kuwa majina yote kwa mpigo na kerneli hukataa, ikisema orodha ni ndefu mno. Chombo cha kazi hii ni find. Aliielekeza kwenye folda ile, akataka mafaili yasiyoguswa kwa zaidi ya dakika 1,440, yaani siku nzima, ili waliokuwa ndani ya akaunti zao wasitupwe nje. Mara ya kwanza aliiendesha bila neno la kufuta, akasoma inachokileta. Aliporidhika ndipo alipoongeza -delete, na akaiweka mwisho kabisa. Find hutekeleza masharti kwa mpangilio yalivyoandikwa. Neno hilo likitangulia sharti la muda, linafuta kila kitu bila kuuliza umri. Nilimwona akiusoma mstari mzima kwa kidole, neno kwa neno, kabla ya kubonyeza kitufe.

Tovuti ikaanza kupokea watu. Meneja akapiga tena, safari hii kushukuru, na kwa hesabu ya wengi kazi ilikuwa imekwisha. Kwake ilikuwa imefika nusu, kwa sababu alikuwa bado hajajua ni kwa nini mafaili yalilundikana. Tovuti iliandikwa kwa PHP. Kwenye Debian na jamaa zake, usafishaji wa ndani ya PHP umezimwa makusudi. Badala yake kuna kazi ndogo inayoendeshwa kila nusu saa, inayoondoa mafaili ya wageni yaliyopitwa na muda, ambao kwa kawaida ni sekunde 1,440, sawa na dakika 24. Kazi hiyo hujua folda ya kusafisha kwa kusoma mipangilio ya PHP. Aliyeandika tovuti, kwa sababu zake, alikuwa ameelekeza mafaili kwenye folda nyingine ndani ya msimbo wake, mahali ambapo msafishaji hana habari napo. Kila kipande kilifanya kilichoagizwa, na diski ikajaa. Dada akaipangia folda ile usafishaji wake kwa cron, yaani kipanga ratiba cha seva, kisha akarekebisha kengele ya tahadhari, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa inapima nafasi peke yake, ipime na inodi.

Tatizo hili lina ndugu yake wa kinyume, na fundi aliyezoea huwajua wote wawili. Safari hii df inasema diski imejaa kweli, lakini ukijumlisha mafaili yote kwa du hupati hata robo ya kinacholalamikiwa. Mara nyingi mtu amefuta logi kubwa wakati programu bado inaiandikia. Kwenye Linux, kufuta huondoa jina tu. Yaliyomo hubaki kwenye diski mpaka programu ya mwisho iliyolishika faili iliachie. Amri ya lsof +L1 huorodhesha mafaili yaliyo wazi ambayo hayana jina tena, pamoja na programu inayoyashikilia. Ukiiwasha upya programu hiyo moja, nafasi inarudi. Kuwasha upya seva nzima kungeirudisha pia, na usingejua kamwe kwamba mzunguko wa logi, yaani kazi ya kuondoa logi ya zamani na kuanza mpya, haukuwa unaiarifu programu ifungue faili jipya, kwa hiyo ungekutana na jambo lile lile baada ya wiki kadhaa.

Mtandao nao hupimwa kwa akili hiyo hiyo ya kupunguza mashaka hatua kwa hatua. Je, ruta inajibu? Je, anwani ya mbali kama 1.1.1.1 inajibu? Je, jina la tovuti linageuka kuwa anwani? Kama mawili ya kwanza ni ndiyo na la tatu ni hapana, nyaya, ruta na mtoa huduma hawana kesi, na unabaki na DNS.

Vyombo vyenyewe vinastahili heshima. Programu za df na du zilikuwamo kwenye mwongozo wa kwanza wa Unix wa mwaka 1971, miaka 20 kabla ya Linus Torvalds kuanza kuandika kerneli ya Linux akiwa mwanafunzi Helsinki. Kila kimoja hujibu swali moja dogo na kunyamaza. Hakuna kinachokuambia tatizo lako ni nini. Kuyapanga maswali kwa namna ambayo kila jibu linafunga njia moja na kuacha nyingine, hiyo ni kazi ya mtu, na ndiyo inayochukua miaka kujifunza.

Kabla ya kufunga terminali, dada yule aliandika maelezo kwenye faili la maandishi matupu analoliweka kwenye kila seva: tarehe, dalili, chanzo, alichobadilisha na jinsi ya kukirudisha kilivyokuwa. Chini yake akaongeza orodha nyingine iliyonishangaza, ya vile alivyovikagua akakuta ni vizima: nafasi ya diski, ruhusa za folda, hifadhidata. Nikamuuliza ya nini kuandika visivyo na tatizo. Akasema atakayekuja baada yake, akiwa na haraka na meneja kwenye simu, asipoteze usiku wake kuvikagua upya.