Warsha na Karakana

Yafaa tuyaweke pamoja maneno mawili ya lugha yetu: warsha na karakana. Aghalabu warsha siku hizi ni baraza la wataalamu wanaosomeana matokeo ya utafiti. Karakana ni mahali pa fundi, penye jiriwa, tupa na keekee. Twaona kwamba mawili haya yameachana mno, na kuachana kwao ni hasara kwa utamaduni wa taifa.

Hatukatai kwamba kusudi la warsha zinazokutanisha tasnia mbalimbali ni jema. Nchi yetu iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo mwaka 1973, na Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986, ili ujuzi na utafiti viwafae wananchi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini na tutazame jinsi wazee wetu walivyolifanya jambo hili bila posho wala hotuba ya ufunguzi. Rubani alikuwa mwongoza chombo baharini. Leo huendesha ndege. Usukani ulitoka tezini ukaingia katika motokaa. Nahodha wa jahazi alikabidhiwa pia timu ya kandanda. Mataruma, zile mbavu za chombo zilizochongwa na mafundi wa pwani, leo yamelala chini ya reli. Bila shaka aliyeyapa jina hilo aliona magogo yaliyopangwa sambamba yakibeba uzito, akakumbuka chombo. Huko ndiko kushirikiana maarifa: kazi moja iliifahamu nyingine kwa lugha iliyoeleweka na wote.

Sisi wenyewe tulipata kuketi katika warsha moja tukiwa waandishi wa kumbukumbu. Walikuwapo wahandisi, mabwana misitu na maofisa wa uvuvi, na alialikwa fundi mmoja mzee wa mashua. Mada zote zilisomwa kwa Kiingereza. Siku ya pili mzee aliulizwa, kwa adabu, kama ana neno. Akasema, "Huo mti mnaousema, wanangu, ni upi?" Watu wakacheka. Alipotajiwa jina lake la Kiswahili, alieleza ukatwe lini, ukaushwe wapi, na ufae kiungo gani cha chombo. Nasi hatukuyaandika, kwa kuwa hayakuwa katika ratiba. Lawama hiyo si ya waandalizi peke yao. Ni yetu pia. Ujuzi hauzeeki, ila mwenye ujuzi huzeeka, na asipoandikwa huondoka nao.

Kwa hiyo twapendekeza mada zisomwe kwa Kiswahili, fundi apewe zamu yake mapema, na muhtasari umrudie karakanani. Walimu nao wawapeleke wanafunzi kwa seremala na mhunzi wakiwa na daftari, waulize jina la kila kifaa na sababu ya kila pigo. Warsha ya namna hiyo haihitaji ukumbi.