Samli, Supu na Sinia: Mlo wa Vigani Katika Safari ya Familia Mombasa

Vigani ni mtu asiyekula kitu chochote kitokanacho na mnyama, yaani si nyama na samaki pekee, bali pia mayai, maziwa, mtindi, jibini, samli na, kwa walio wengi, asali. Kwa sababu hiyo hutofautiana na mla mboga wa kawaida, ambaye huacha nyama lakini hunywa chai ya maziwa bila wasiwasi. Jina lake lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipojitenga na wala mboga waliokuwa wakiendelea kutumia maziwa na kuunda chama chao wenyewe, ingawa mlo unaotajwa na jina hilo si mgeni Afrika Mashariki, ambako ugali kwa mboga za majani au wali kwa maharage umekuwa chakula cha siku nyingi katika nyumba nyingi. Jambo linalostahili kuchambuliwa ni namna mtu huyu anavyoweza kula katika mikahawa isiyomjua, akiwa na jamaa wasiofuata mlo wake, kwa siku mbili au tatu mfululizo. Mfano utakaotumika hapa ni wa safari ya mwisho wa juma ya familia ya Nairobi, inayoondoka Ijumaa kwa barabara ya takribani kilomita 480 kwenda Mombasa na kurudi Jumapili, na ambayo ndani yake vigani ni mmoja tu.

Wengi hudhani kwamba ugumu wa safari ya namna hiyo ni uhaba wa vyakula vya mimea, na dhana hiyo, kwa upande wa Mombasa, haina msingi. Upishi wa Waswahili umejengwa juu ya nazi, nafaka, kunde za aina nyingi, muhogo na viungo, na jungu lake mara nyingi halihitaji mnyama hata kidogo. Ugumu wenyewe umejificha katika hatua tatu za upishi ambazo mlaji hazioni anapoketi mezani: mafuta yaliyotumika kuunga, maji yaliyotumika kuivisha, na kitu kilichotiwa mwishoni ili kunogesha au kupamba. Tena ugumu huo haukugawanyika sawasawa katika siku, kwani asubuhi na jioni vigani hula karibu kila kilicho mbele ya wenzake, ilhali mchana, saa ambayo familia nzima huketi kula chakula kizito, ndipo mambo yanapomkazia.

Kifungua kinywa cha Mji wa Kale kinathibitisha jambo hilo vizuri. Mbaazi za nazi hupikwa kwa kuchemsha mbaazi hadi zilainike, kisha kuziunga kwa kitunguu, bizari ya manjano na pilipili, zikatiwa kwanza tui jepesi la maji ya pili na mwishoni tui zito, ambalo ndilo linalozipa ladha na ule mchuzi mzito unaoshika kwenye mahamri. Hapana samli, hapana supu, na utamu wote hutoka kwenye nazi, kwa hiyo hatua zote tatu za hatari zimepitwa salama bila mpishi kuwa na nia hiyo. Mahamri yenyewe, ambayo ni unga wa ngano uliokandwa kwa tui, sukari, hiliki na hamira, ukaachwa uumuke na kukaangwa kwa mafuta mengi, huwa ya mimea mitupu katika mapishi ya zamani, lakini wapo wapishi wanaoweka maziwa ya unga badala ya tui ili kuokoa muda wa kukuna na kukamua nazi, na wapo wanaovunjia yai ili donge liwe laini. Swali moja tu kwa muuzaji hutosha kuondoa shaka. Kwa upande wa lishe, mseto huu una faida ambayo wataalamu wangeweza kuubuni kwa makusudi kama usingekuwapo, kwa kuwa protini ya ngano ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na mbaazi ina laisini ya kutosha kufidia pengo hilo. Vitumbua huhitaji tahadhari kidogo zaidi, kwani baadhi ya wapishi hutia yai katika uji wake wa mchele na tui, na mkate wa kumimina, unaopendwa kwa wepesi wake, mara nyingi hupata wepesi huo kutokana na ute wa yai uliopigwa hadi ukatoa povu.

Kinywaji kisipuuzwe. Nchini Kenya anayeagiza chai bila maelezo huletewa chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, kwa hiyo vigani hulazimika kutaja chai ya rangi, au strungi kama inavyojulikana zaidi bara. Kahawa chungu ya pwani, inayouzwa kutoka kwenye dele la shaba, haina tatizo lolote, ila kitafunwa chake maarufu, yaani halua, hupikwa kwa wanga, sukari na kwa kawaida samli, na hivyo vigani huiacha sahani hiyo kwa jamaa zake na kuchukua kashata ya nazi au ya karanga.

Jioni familia nyingi hushuka kwenye bustani za Mama Ngina, mahali ambapo wenyeji hupaita Lighthouse, kupunga upepo na kula vya mkononi: muhogo wa kuchoma au wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, kachri za muhogo, bajia za kunde, madafu, na viazi karai, ambavyo ni viazi vilivyochemshwa, vikavikwa uji wa unga wenye rangi ya manjano na kukaangwa, vikaliwa kwa rojo la ukwaju. Hapa suala lililobaki ni la karai lenyewe, kwa kuwa mafuta yaliyokaanga viazi huenda ndiyo yaliyokaanga sambusa za nyama au samaki muda mfupi kabla. Vigani hawana jibu moja kuhusu jambo hili. Ufafanuzi wa chama chao cha Uingereza unadai kuepukwa kwa matumizi ya wanyama kwa kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, na kwa kipimo hicho viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya mimea yaliyopitiwa na sambusa vinaweza kukubaliwa na mmoja na kukataliwa na mwingine, bila yeyote kati yao kuwa amevunja kanuni. La busara ni mhusika kuamua msimamo wake kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mjadala wa aina hiyo, ukianzishwa mbele ya karai lenye foleni na watoto wenye njaa, hauishi vizuri.

Mchana ndio wenye kazi. Sahani mbili zinazotawala mikahawa ya Mombasa saa hiyo, hasa mwisho wa juma, ni pilau na biriani, na zote mbili hufungiwa vigani kwa njia tofauti. Katika pilau nyama huchemshwa kwanza, na supu yake ndiyo inayouivisha mchele pamoja na viungo, kwa hiyo ushauri ambao jamaa wema huutoa mara kwa mara, wa kuchagua mchele na kuacha vipande vya nyama, haumsaidii vigani kwa lolote, kwani nyama imekwisha kuingia ndani ya kila punje. Biriani ya Kiswahili, kinyume chake, hupikwa katika vyombo viwili, mchuzi mbali na wali mbali, jambo linaloleta matumaini ambayo hayadumu: mchuzi hutiwa mtindi ili nyama ilainike, na wali wake hunyunyiziwa samli pamoja na rangi kabla ya kupakuliwa. Aliye makini ataona kwamba sahani hizi mbili zimefungwa kila moja katika hatua yake, pilau katika maji ya kuivishia, biriani katika samli na mtindi, na kwamba sahani ya tatu, yaani wali wa nazi, ambao ni mchele, tui na chumvi, iko wazi kabisa. Wali huo ukipata maharage ya nazi, mchicha uliotiwa tui au kisamvu, na kachumbari pembeni, huwa mlo kamili, ili mradi kisamvu kisiwe kimetiwa dagaa, kama wapishi wengine wanavyopenda. Chapati haiko wazi kwa kiwango hicho, kwa maana donge lake husukumwa, likapakwa mafuta na kukunjwa kabla ya kusukumwa tena, na mafuta hayo ya katikati yanaweza kuwa ya mimea au yakawa samli.

Kutokana na hayo hufuata kanuni ya namna ya kuuliza, ambayo kwa maoni ya safu hii ndiyo nyenzo kubwa kuliko zote. Anayesema tu kwamba hali nyama hupata matokeo mabaya, kwa kuwa wahudumu wengi wanapotaja nyama humaanisha ya ng'ombe au mbuzi, na kwa ukarimu wao humletea kuku, samaki au mayai, wakiamini wamemtatulia shida yake. Anayetamka neno vigani pekee hupata hata kidogo zaidi. Swali lenye tija ni lile linalogusa kazi ya mpishi: mbaazi hizi, Mama, zimeungwa kwa mafuta gani; maharage haya yamechemshwa kwa maji matupu au kwa supu; mchicha umemaliziwa kwa nazi au kwa siagi. Mpishi hulijibu swali la aina hii kwa usahihi na mara nyingi kwa fahari, kwa sababu linaheshimu ujuzi wake, na hapo hapo huwa tayari kupendekeza sufuria ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya vyakula.

Upo upande mwingine wa mchana ambao hauhusu jiko, nao ni sinia. Kula pamoja katika chombo kimoja ni alama ya umoja wa familia pwani na hata bara, na vigani anayejitenga na sahani yake ndogo huonekana, mbele ya wazee hasa, kana kwamba amekikataa chakula pamoja na wenye chakula. Suluhisho lililo bora ni kubadili mpangilio wa kuagiza, si kumwongezea mtu mmoja sahani ya pekee: wali wa nazi, maharage, mchicha na kachumbari huagizwa kuwa sinia la wote, na samaki wa kupaka au nyama ya kuchoma huletwa katika sahani ya pembeni, kila mpenzi wake akajichotea. Kwa mpango huo babu na bibi hawakosi kitoweo chao, watoto hula walichozoea, na vigani huwa katikati ya meza, naye hahitaji kueleza imani yake kila lokma. Gharama nazo hupungua, kwa kuwa kitoweo ndicho kinachopandisha bei ya mlo.

Barabara yenyewe ina kituo kinachostahili kutajwa kwa kirefu. Huko Makindu, takribani kilomita 160 kutoka Nairobi, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, katika mji uliokua pamoja na reli ya Uganda, na ndani yake msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bila malipo kwa utaratibu unaoitwa langa, yaani jiko la jumuiya ambalo ni sehemu ya ibada ya Kisingasinga. Mgeni huvua viatu na kufunika kichwa, huketi na wengine, na akitaka huacha sadaka. Chakula hicho hakina nyama kamwe, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba vigani amefika nyumbani, lakini maziwa yanaruhusiwa, hivyo chapati huweza kupakwa samli, chai huchemshwa kwa maziwa, na pengine huandaliwa wali mtamu wa maziwa. Dengu na mboga ndizo za kuulizia. Hali ni hiyo hiyo katika mikahawa ya Wahindu na Wajaini ya Nairobi na Mombasa, hata pale ambapo Wajaini huzidisha ukali kwa kuacha viazi, vitunguu na karoti kwa kuwa ni vitu vinavyong'olewa ardhini. Jiko la kidini lililo karibu zaidi na vigani ni la Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao katika siku za mfungo, zinazofika 180 hivi kwa mwaka kwa waumini wa kawaida zikiwamo Jumatano na Ijumaa nyingi, huacha nyama, mayai, maziwa na siagi kwa pamoja. Na kwa kuwa Nairobi ina mikahawa mingi ya Kiethiopia, familia inayokula pamoja Ijumaa kabla ya kuondoka inaweza kuagiza sinia la mfungo, lenye injera, adesi, shiro na mboga za majani, na wote wakala kutoka chombo kimoja. Siku zisizo za mfungo shiro hiyo hiyo huweza kupikwa kwa siagi yenye viungo, hivyo neno mfungo halina budi kutajwa wakati wa kuagiza.

Hoteli kubwa za Nyali na Diani hazihitaji maelezo marefu, kwa kuwa zina mpishi mkuu aliyezoea wageni wa kila mlo na anayeweza kupigiwa simu siku moja kabla. Hatari yake iko kwenye meza ya kujipakulia, ambako mboga hukaangwa kwa siagi na supu ya malenge huongezwa krimu, bila lolote la hayo kuonekana.

Safari ya kurudi Jumapili hupita njiani saa ile ile ya mchana iliyo ngumu, na kati ya Voi na Mtito Andei vibanda vingi huwa na nyama choma, chipsi na chai ya maziwa. Kwa hiyo chakula cha njiani hununuliwa Mombasa asubuhi, kabla ya kupita Mazeras, na uchaguzi wake hutawaliwa na kemia ya nazi: mbaazi na mchicha wa tui huchacha upesi katika joto la gari, hata vikifungwa vizuri, ilhali bajia za kunde, mikate ya mofa, muhogo mkavu wa kukaanga, korosho na kashata hufika Nairobi vikiwa salama. Mahamri hustahimili pia, yakiachwa yapoe kabisa kabla ya kufungwa ili mvuke usiyalowanishe.