Afya Moja, hasara ya nani?

Kama umewahi kukaa kwenye warsha yoyote ya afya ya jamii, mifugo au mazingira miaka ya karibuni, ule mchoro unaujua. Miduara mitatu iliyopishana: mmoja wa watu, wa pili wa wanyama, wa tatu wa mazingira. Pale katikati, inapokutana yote mitatu, pameandikwa "Afya Moja". Slaidi inapita, watu wanatikisa kichwa, tunaendelea. Nani atapinga? Watu, wanyama na mazingira vimeungana, hilo hata bibi kijijini analijua.

Makala hii inataka kuupinga kidogo mchoro huo. Si kwa sababu unadanganya. Unasema kweli, ila kweli nusu. Unaonyesha nini kimeungana na nini, halafu unanyamaza kuhusu nani anabeba gharama pale muunganiko huo unapoanza kufanyiwa kazi. Na kwenye ugonjwa, aliyebeba gharama ndiye huyo huyo tunayemtegemea atupe taarifa.

Kwanza, tuutendee haki

Wazo lenyewe si la jana. Calvin Schwabe, daktari wa mifugo kutoka Marekani, alishaandika karne iliyopita kuhusu "tiba moja", akisema sayansi ya kutibu binadamu na ile ya kutibu wanyama zina mzizi mmoja. Mwaka 2004 wataalamu wa uhifadhi na afya walikutana New York na kutoa kanuni 12 zilizoingiza wanyamapori na mazingira kwenye hesabu hiyo. Desemba 2021 jopo la wataalamu linaloshauri mashirika manne ya kimataifa (la afya, la chakula na kilimo, la afya ya wanyama, na la mazingira) likatoa fasili ambayo sasa ndiyo inatumika sana. Ukiisoma utaona jamii imetajwa, na usawa pia umetajwa.

Huku kwetu wazo halikubaki kwenye karatasi. Kenya ina kitengo kinachowakutanisha watu wa wizara ya afya na wa mifugo kwa ajili ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Tanzania ilizindua dawati la kuratibu Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu Februari 2018. Daktari wa binadamu na daktari wa mifugo kukaa meza moja ni hatua kubwa, tusiibeze. Kuna wakati kila mmoja alikuwa na sampuli zake, gari lake, na ripoti yake kabatini.

Basi shida iko wapi? Tuchukue ugonjwa mmoja tuone.

Ugonjwa ulioumbwa kwa ajili ya mchoro

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa na wanasayansi Kenya mwaka 1931, kwa kondoo wa eneo la Naivasha. Ukitafuta mfano wa kufundishia Afya Moja, huu hauna mpinzani.

Kirusi chake kinaishi ndani ya mbu, na baadhi ya mbu hao wanakirithisha kwenye mayai. Mayai yanabaki kwenye udongo mkavu wa mabonde yanayotuamisha maji, yanaweza kukaa miaka. Ikija mvua kubwa isiyo ya kawaida, mabonde yanajaa, mayai yanaanguliwa, na mbu wanaotoka wengine tayari wana kirusi. Wanawauma mifugo. Kondoo, mbuzi na ng'ombe wenye mimba wanazitupa karibu wote kwa wakati mmoja, na wana-kondoo wachanga wanakufa kwa wingi. Binadamu naye anaambukizwa, mara nyingi si kwa mbu bali kwa kushika damu na majimaji ya mnyama mgonjwa: anapochinja, anapochuna, anapomsaidia mnyama kuzaa. Wengi wanapata homa ya kawaida tu wakapona. Wachache wanatokwa damu, na katika hao karibu nusu wanaweza kufa.

Mvua, udongo, mbu, kondoo, mtu. Miduara yote mitatu imo. Tena mnyororo huu una zawadi kwa mtu wa afya: mifugo inatangulia kuugua. Ukiwahi kujua kwamba kondoo wanatupa mimba, unapata muda wa kuwaonya watu.

Mwaka 2006 zawadi hiyo ilikuwepo mezani. Wanasayansi waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na kijani cha mimea kwa setilaiti walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla, wakitaja Pembe ya Afrika kama eneo la hatari. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa. Shirika la Afya Duniani linataja wagonjwa 684 na vifo 234 Kenya hadi Machi 2007, wagonjwa 114 na vifo 51 Somalia, na wagonjwa 264 na vifo 109 Tanzania hadi Mei, Dodoma ikiwa mkoa ulioumia zaidi. (Usishtuke na uwiano wa vifo: waliohesabiwa ni hasa wale waliozidiwa hadi wakafika hospitali.)

Sasa jiulize. Kama setilaiti iliona, na mnyama alitangulia kuugua, kwa nini watu wengi hivyo?

Mshale unaopanda tu

Jibu la kawaida ni "mawasiliano kati ya sekta yalikuwa hafifu". Ni kweli, na ndilo jibu ambalo mchoro wa miduara unalipenda, kwa sababu dawa yake ni kuongeza mikutano. Lakini watafiti walioenda baadaye kuzungumza na wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania walikuta jambo lingine. Wafugaji walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi kupita kiasi, na mimba kutupwa, kabla hatua za serikali hazijaanza. Wafugaji Wasomali wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, linalotaja damu inayotoka puani. Taarifa zilikuwepo, ila hazikufika kwa wakati kwa wenye uwezo wa kuchukua hatua.

Hebu jiweke kwenye viatu vya mfugaji huyo. Una kondoo 60, nusu wametupa mimba wiki hii. Ukienda kwa afisa mifugo, nini kinafuata? Ikithibitika, eneo linawekwa karantini. Mnada unafungwa. Uchinjaji unapigwa marufuku. Ule mbuzi uliopanga kumuuza ulipe ada ya shule anabaki zizini. Kondoo waliotupa mimba hawarudishiwi mimba zao. Fidia, pale inapotajwa kisheria, kwa kawaida ni ya mnyama aliyeuawa kwa amri ya serikali, si ya mnada uliofungwa miezi kadhaa. Na majirani watajua aliyetoa taarifa ni wewe.

Si mfugaji peke yake. Halmashauri nyingi zinakusanya ushuru mnadani, kwa hiyo hata ofisini kuna sababu ya kusema "tusubiri majibu ya maabara". Nchi nzima nayo ina sababu: baada ya ugonjwa kufika Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, Saudi Arabia ilifunga soko lake kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na marufuku hiyo ikadumu hadi 2009. Kila ngazi ina faida ya kukawia. Anayekawia analinda kipato chake, na anayewahi ndiye anayeadhibiwa.

Wachumi waliochunguza mlipuko wa 2007 walikadiria hasara ya Kenya kuwa zaidi ya shilingi bilioni 2.1 za nchi hiyo. Namba hiyo haikumwangukia "mnyama", wala "mazingira", wala "binadamu" kwa ujumla. Ilimwangukia mfugaji, mfanyabiashara wa minadani, mwenye bucha, mpakiaji wa malori, mama wa maziwa. Mchoro wetu hauna mahali pa kuwaandika watu hawa. Umewaweka wote kwenye mduara mmoja, "watu", pamoja na mlaji wa mjini anayelindwa na karantini hiyo hiyo.

Ndiyo maana hata ujumbe wa kinga unakwama. Tunasema: usichinje mnyama mgonjwa. Mfugaji anasikia: mwache afe, upoteze na nyama. Kwa Mwislamu kuna la ziada, maana akishakufa ni nyamafu na haliwi tena, kwa hiyo mnyama anayeyumba anachinjwa haraka. Kitendo hicho hicho kinachookoa chakula cha nyumba ndicho kinachoingiza kirusi nyumbani. Hiyo si "elimu ndogo". Ni hesabu ya mtu anayejua hakuna atakayemlipia.

Na mazingira je?

Mduara wa tatu nao una usingizi wake. Kwenye slaidi nyingi mazingira yanachorwa kama mvua, joto na mbu, yaani vitu vinavyotujia tu. Lakini bwawa la Diama kwenye mto Senegal lilikamilika mwaka 1986, na mwaka uliofuata Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka kusini mwa Mauritania. Wataalamu wengi wameuhusisha mlipuko huo na mabadiliko ya maji yaliyoletwa na bwawa. Bwawa haliletwi na mawingu. Kuna waliolipanga, walioligharimia, waliopata maji ya kumwagilia, na kuna waliopata mbu. Ukiliita "mazingira" tu ukaishia hapo, umelisafisha uamuzi wa watu ukaonekana kama hali ya hewa.

"Hilo ni suala la sera, si la dhana"

Mtetezi wa Afya Moja atasema hivyo, na ni hoja ya kuheshimiwa: dhana inaonyesha uhusiano, siasa za fidia ni kazi ya wengine. Tatizo ni kwamba dhana ndiyo inayoamua tupime nini. Ukiwa na miduara mitatu, utapima kirusi kwa watu, kirusi kwa wanyama, na mbu bondeni. Utapata data nzuri kweli. Hutapima bei ya mbuzi wiki moja baada ya karantini, wala siku ngapi mfugaji alikaa kimya na kwa nini, kwa sababu hakuna duara linalokuuliza. Neno "usawa" kwenye fasili ya 2021 ni zuri, lakini neno lisilo na kipimo chake hubaki pambo.

Wala si kwamba haiwezekani. Chad ilishatuonyesha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi na wafugaji wanaohamahama huko walikuta ng'ombe wamechanjwa kuliko watoto. Hawakukuta mtoto hata mmoja aliyekamilisha chanjo zake. Kilichofuata ni chanjo za pamoja: timu ya mifugo na timu ya afya zikasafiri gari moja, zikatumia vifaa vya ubaridi vya pamoja, zikachanja ng'ombe na watoto siku hiyo hiyo. Wafugaji walikuwa tayari wanathamini chanjo ya ng'ombe, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Tazama tofauti: pale Afya Moja ilifika ikiwa na kitu mkononi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi sisi watu wa sampuli tunakuja, tunachota damu, tunaondoka, na mwenyeji anabaki na karantini.

Swali moja kwa kila mradi

Kwa hiyo hatuhitaji kuitupa dhana, wala kubuni nyingine yenye jina jipya. Tunahitaji kuuwekea mchoro mishale, na kila mshale uwe na pande mbili. Kama taarifa inapanda kutoka zizini kwenda wilayani, nini kinashuka? Inaweza kuwa chanjo ya mifugo kabla ya mvua, wakati ambapo ina maana, maana kuchanja katikati ya mlipuko kwa sindano inayotoka mnyama hadi mnyama kunaweza kusambaza kirusi chenyewe. Inaweza kuwa majibu ya maabara yanayomrudia aliyetoa sampuli, tena kwa lugha anayoielewa. Inaweza kuwa karantini yenye tarehe ya mwisho inayojulikana, na fungu la kufidia siku ambazo mnada umefungwa. Kwa serikali hizo ni gharama, ndiyo. Lakini gharama tayari ipo; leo inalipwa na mtu mwenye kondoo 60.

Kwa hiyo safari nyingine utakapoona slaidi ile, kwenye warsha au kwenye pendekezo la utafiti la rafiki yako wa uzamili, usitikise kichwa haraka. Nyoosha mkono uulize: mfugaji akitoa taarifa leo, kesho anapata nini? Kama jibu ni "elimu", uliza tena.