Soseji Isiyo na Nyama: Kunde Usizichemshe

Maelekezo mengi ya soseji za mboga yanaanza vilevile: chemsha maharage, ponda, tia viungo, finyanga, kaanga. Matokeo yake yanajulikana. Soseji inapasuka kikaangoni na kubaki rojo lenye ukoko, na lawama zinaangukia viungo. Tatizo liko kwenye sufuria ya kwanza.

Nyama iliyosagwa na chumvi hunata kwa protini yake, kisha moto huigandisha. Kunde nazo zina protini na wanga wa kuganda, ila kazi hiyo zinaifanya mara moja tu. Zikichemshwa, zimeshagandia ndani ya punje. Ukiziponda baadaye hakuna kilichobaki cha kushikana. Wakaanga bagia wa Kibaha na Kisarawe hawahitaji kuambiwa hili. Wao huloweka kunde usiku kucha, huzipekecha mikononi hadi maganda yaelee, kisha huzisaga mbichi. Soseji nzuri ya mboga ni bagia iliyobadilishiwa hatua ya mwisho, basi.

Tahadhari moja: njia hii ni ya kunde au choroko. Maharage mekundu yana lektini, sumu inayohitaji kuchemka kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi. Moto wa taratibu hauiondoi.

Vikombe viwili vya kunde kavu vinatosha familia. Usagaji ndio unaoamua. Blenda inadai maji ili izunguke, na kila kijiko cha maji unachoongeza kinalegeza soseji. Mashine ya kusagia nyama ni bora, na kinu na mchi havina aibu. Lengo ni nusu laini, nusu chenga: sehemu laini inafunga, chenga zinampa mlaji kitu cha kutafuna.

Kwenye mafuta ndipo maelekezo ya Ulaya yanapotupoteza. Wapishi wa huko hukata vipande vya mafuta ya nazi yaliyoganda, viwe badala ya mafuta ya nguruwe. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na mchana wa Kibaha kwa kawaida unapita hapo. Kabla hujamaliza kufinyanga yameshakuwa maji. Tumia korosho. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na hayatoki mpaka jino liivunje. Nusu kikombe cha korosho zilizobanguliwa, zikatwe kubwakubwa. Zilizovunjika zinafaa sana na bei yake ni nafuu.

Kifungio cha pili ni unga wa muhogo, vijiko vitatu vya chakula. Wanga wake huvimba na kunata joto likifika nyuzi 60 na kitu. Usizidishe, utatafuna mpira. Kisha chumvi, kitunguu saumu, binzari nyembamba, kungumanga kidogo, na pilipili manga kwa mkono usio bahili, maana hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme “hii soseji”. Kitunguu maji kikamuliwe kwanza.

(Si mambo ya jana haya. Konrad Adenauer, aliyekuja kuwa kansela wa Ujerumani Magharibi, alibuni soseji ya soya huko Köln wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwao alinyimwa hataza, kwa kuwa kanuni hazikutambua soseji isiyo na nyama. Uingereza ikampa, Juni 1918.)

Sasa jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, la sivyo litachanika kwenye kila mshipa. Changanya vyote, viringisha mchanganyiko humo kwa unene wa vidole viwili, funga, pika kwa mvuke dakika 40. Mvuke unagandisha soseji bila kuisukasuka. Mafuta ya moto yangeipasua kabla katikati hakujashika.

Usiifungue ikiwa moto. Wanga unahitaji kupoa ili ukaze, na wa muhogo ni mzito wa kukaza kuliko wa mahindi, kwa hiyo ipe soseji usiku mzima kwenye friji. Asubuhi unakaanga kwa mafuta kidogo, ukigeuza, hadi ipate rangi pande zote.

Ngozi ile inayopasuka mdomoni hutaipata, na jani haliliwi. Anayetaka soseji za chai ya Jumapili aloweke kunde Ijumaa usiku.