Farasi Mweupe na Jina la Ukoo

Ndugu msomaji, ukitaka kuandika juu ya watu wanaolinda utamaduni wao ugenini, utaanzia wapi? Mimi nilianzia kwenye ngoma, mavazi na mapishi. Mswada wangu ukajaa vigelegele, watu hakuna! Kisha nikasoma My Name Is Aram, hadithi fupi za William Saroyan zilizotoka mwaka 1940, nikaona nimepotea njia.

Saroyan alizaliwa mwaka 1908 huko Fresno, California, mji wa mashamba ya zabibu. Wazazi wake walikuwa Waarmenia waliotoka Bitlis, enzi hizo chini ya dola la Waturuki. Waarmenia wa Fresno walikuwa na kanisa lao na gazeti lao, Asbarez, lililoanzishwa mwaka huohuo wa 1908. Hata hivyo walibaguliwa. Hati za baadhi ya viwanja zilikataza kabisa wasiuziwe.

Sasa tazama hadithi ya farasi mweupe. Aram, mtoto wa miaka 9, na binamu yake Mourad wanampanda alfajiri farasi wa watu. Ukoo wao, Garoghlanian, ni maskini wa kutupwa lakini umesifika kwa uaminifu kwa karne 11. Basi wanajidanganya kwamba hawajaiba, wameazima tu! Siku moja wanakutana na mwenye farasi. Anamkagua hadi meno, na kila jino ni lilelile. Lakini anasema anawajua wazazi wao, kwa hiyo huyu lazima awe pacha wa farasi wake. Kesho yake farasi anarudishwa. Polisi hakuna, wala fimbo. Jina la ukoo limetosha.

Na huyo mwenye farasi si Mwarmenia, jamani. Ni Mwashuru aliyejifunza Kiarmenia kwa sababu ya upweke. Saroyan analitaja jambo hilo kwa haraka na kuendelea zake. Hapo ndipo nilipomvulia kofia: lugha ya wageni wachache imekuwa kimbilio la mgeni mwingine.

Lawama ninayo. Mjomba Khosrove anafoka kwamba kupotelewa na farasi si kitu mbele ya kupotelewa na nchi, nasi tunacheka. Mauaji ya Waarmenia ya mwaka 1915 hayatajwi katika hadithi hii. Asiyeyajua atamwona mzee huyu kichekesho tu, kumbe ana jeraha. Tena tunaambiwa watu wanazungumza Kiarmenia, lakini masikioni tunasikia karibu Kiingereza kitupu. Ningependa walau maneno mawili matatu ya nyumbani.

Pamoja na hayo, somo limeniingia. Utamaduni unaonekana pale mtu anapoona aibu kufanya jambo ambalo hakuna wa kumkamata nalo. Ngoma zangu nimezifuta, bwana. Sasa namtafuta mhusika wangu ana aibu gani.