Ustadi wa Kumtambua Lochi

Kumtambua samaki mdogo akiwa hai ndani ya hodhi la kioo, bila kumuua wala kumtoa majini, ni ustadi unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa, na lochi ndio wanaoudhihirisha vizuri zaidi. Hao ni samaki wa chini ya maji, wengi wao wembamba, wenye sharubu kuzunguka mdomo na wasio na meno katika taya, ambao wengi wao ni wenyeji wa mito ya Asia. Mto Molo, unaoanzia katika miinuko ya Mau na kuteremka kaskazini hadi Ziwa Baringo, si makao yao. Kwa hiyo lochi anayefugwa katika nyumba ya mji wa Molo nchini Kenya ameletwa na biashara, na njiani amepotezewa habari ambayo mtambuzi anaihitaji kuliko zote, nayo ni jina la mto alikovuliwa.

Katika mji huo ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,500, ambako usiku ni wa baridi kali, kulijua jina la samaki si anasa. Chromobotia macracanthus, lochi wa rangi ya machungwa na mikanda myeusi atokaye Sumatra na Borneo, hataishi vema bila kipasha maji, ilhali Sewellia, ambaye huambata mawe ya vijito viendavyo kasi kwa mapezi yake mapana, hustahimili maji ya baridi zaidi lakini hudhoofika maji yakituama.

Mtambuzi mzuri haanzi na rangi. Hutazama kwanza chini ya jicho, ambako lochi wengi wa familia ya Botiidae wana mwiba wenye ncha mbili, uliolala ndani ya ngozi na kusimama samaki anapotishwa (mwiba huo hunasa katika wavu, ndiyo maana wazoefu humteka kwa chombo), na ambao lochi wa familia ya Nemacheilidae hawana. Kisha huhesabu sharubu, hutazama umbo la mkia, na mwishowe ndipo huisikiliza michoro ya mwili, kama hakimu asikilizavyo shahidi aliyewahi kusema uongo. Botia kubotai alikuwa tayari akiuzwa madukani kabla Maurice Kottelat hajampa jina la kisayansi mwaka 2004, na michoro yake hubadilika kadiri anavyokua, hata mchanga na mzee wakaonekana kama spishi mbili. Pangio, lochi mfano wa nyungunyungu, ni mtihani mgumu zaidi: wengi wanaouzwa kwa jina la Pangio kuhlii, linalomkumbuka Heinrich Kuhl aliyefariki Java mwaka 1821, kwa kweli ni Pangio semicincta. Anayeandika “Pangio” tu na kuishia hapo amefanya kazi ya kitaalamu kuliko anayelikamilisha jina kwa kubahatisha.

Afrika haikunyimwa lochi kabisa. Mwaka 1902 George Albert Boulenger alieleza lochi kutoka Ziwa Tana la Ethiopia, ambaye leo huitwa Afronemacheilus abyssinicus, na mwaka 2013 Prokofiev na Golubtsov wakawatenga samaki wa bonde la Omo kuwa spishi ya pili, Afronemacheilus kafa. Nao Omo ni mto uletao maji yake katika Ziwa Turkana.

Kenya yenyewe ina samaki wanaoweza kumdanganya mfugaji aliyezoea lochi, nao ni Chiloglanis, kambare wadogo ambao midomo yao imekuwa kikombe cha kufyonzea mawe. Ray Schmidt, Henry Bart na Dorothy Nyingi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walieleza spishi mbili mpya za jenasi hiyo mwaka 2015, yaani Chiloglanis kerioensis, mwenye jina la mto Kerio, na Chiloglanis devosi wa Ewaso Nyiro Kaskazini, aliyepewa jina la Luc De Vos. Kumtenga kambare huyo na lochi hakuhitaji darubini: nyuma ya pezi la mgongo ana pezi jingine dogo la nyama laini, lisilo na miiba, ambalo karibu lochi wote hawana.