Habari za Wenye Kufukuzwa Katika Picha za Sinema

Siku hizi picha za sinema zimefika hata vijijini kwetu, kwa kuwa simu ndogo ya mkononi imekuwa kama jumba la sinema la mtu mmoja. Basi si vibaya tukizichungua picha hizo kama tuvichunguavyo vitabu, tukiuliza si kama zapendeza tu, bali kama zasema kweli. Leo nataka kuandika juu ya picha zionyeshazo watu waliofukuzwa makwao kwa ajili ya dini yao. Nimechagua habari moja, ya Wayahudi wa Urusi, maana filamu mbili mashuhuri zimetoka katika hadithi zile zile za mwandishi mmoja, hata twaweza kuzipima moja kwa nyingine. Tena iko sababu ya pili, nayo yatuhusu sisi hasa: watu waliowafukuza Wayahudi wale walikuwa Wakristo waliobatizwa.

Kwanza tujue mambo yalivyokuwa. Dola ya Urusi iliwaagiza Wayahudi wake wakae katika majimbo ya magharibi tu, na ruhusa ya kukaa nje ya mpaka ule ilikuwa ya wachache. Mwaka 1881 Kaisari Alexander wa Pili aliuawa, nao Wayahudi wakasingiziwa, makundi ya watu yakavunja nyumba zao na maduka yao. Mwezi wa Mei 1882 serikali ikatoa sheria ya kuwakataza wasihamie vijijini hata ndani ya majimbo yale waliyoruhusiwa. Sheria ile iliitwa ya muda tu, lakini ilidumu hata 1917. Mwaka 1903 watu 49 waliuawa katika mji wa Kishinev, na siku ambayo fujo ile ilianza ilikuwa siku ya Pasaka. Naomba msomaji asiipite haraka tarehe hiyo. Tangu 1881 hata 1914 Wayahudi wapatao milioni mbili waliondoka Ulaya ya mashariki, walio wengi wakaenda Marekani.

Mmoja wa walioondoka alikuwa mwandishi Solomon Rabinovich, aliyezaliwa katika nchi ya Ukraine mwaka 1859 akafa New York mwaka 1916. Alijipa jina la uandishi Sholem Aleichem, na jina hilo ni salamu ya Wayahudi, maana yake amani iwe kwenu. Watu wa pwani hawana haja ya kutafsiriwa, maana ni ndugu wa salamu yao ya kila siku. Huyu aliandika kwa Kiyidishi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wale, hadithi za mtu mmoja maskini, Tevye, mwuza maziwa, mwenye binti wengi na mali haba. Tevye hunena na Mungu njiani kama mtu anenavyo na jirani anayemdai. Hadithi ya kufukuzwa kwake ameiita kwa maneno ya Kiebrania yaliyo katika Mwanzo sura ya 12, pale Abramu anapoamriwa kutoka katika nchi yake. Hapo mwandishi ana kejeli chungu, kwa kuwa Abramu aliahidiwa nchi, lakini Tevye anatolewa kwa karatasi ya serikali, wala haahidiwi neno.

Katika hadithi hizo kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, lapita yote yaliyomo katika filamu zote mbili. Baraza la kijiji linamjia Tevye kumwambia kwamba kila mahali Wayahudi wanapigwa, na wao bado hawajawapiga wa kwao, hata waona shaka. Hawana neno naye. Wamekaa naye miaka mingi, wamempenda. Lakini ikiwa mkubwa atapita na kuuliza, watajibu nini? Basi wanafanya shauri kwamba heri wavunje madirisha yake kidogo, ionekane kuwa kazi imefanyika. Mwenye kusoma anacheka, kisha kicheko chamkwama kooni. Watu hawa si wanyama wakali. Ni wazee wa kijiji kama wazee wa vijiji vyote, wenye adabu, waogopao kuulizwa na mkubwa. Naam, uovu mwingi wa dunia umetendwa na watu wa namna hii, wala hawakuwa na hasira siku ile.

Sasa tuzitazame filamu. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya mwaka 1971, iitwayo Fiddler on the Roof, maana yake Mpiga Fidla Juu ya Paa. Ilitokana na mchezo wa nyimbo uliochezwa New York tangu 1964. Aliyeiongoza ni Norman Jewison, Mkanada, ambaye jina lake lasikika kama la Kiyahudi lakini yeye alikuwa Mprotestanti. Tevye alichezwa na Topol, mtu wa Israeli, aliyekuwa na miaka kama 35 tu, naye amevaa uzee vizuri hata mtu asidhani. Picha zilipigwa katika vijiji vya Yugoslavia, kama nchi ile ilivyoitwa siku hizo. Mpiga picha, Oswald Morris, alifunika kioo cha kamera kwa soksi ndefu ya kike iliyo nyembamba, ili kijiji kizima kionekane kwa rangi ya udongo na jioni. Alipewa tuzo kubwa ya Marekani kwa kazi hiyo, na kweli picha ni nzuri mno.

Lakini hapo ndipo ninapoanza kusitasita. Kijiji kilichofunikwa na soksi chapendeza kama kumbukumbu za mtu aliyeondoka zamani, akasahau matope na njaa. Mtazamaji analia, lakini kulia kwake ni kutamu. Hakuna mtu auawaye mbele yetu katika kijiji kile. Siku ya arusi ya binti mkubwa wanakuja watu kupindua meza na kupasua mito ya manyoya, wanampiga kijana mmoja, kisha mkuu wa polisi anawaambia imetosha. Ni kitisho, sikatai. Lakini aliyesoma habari za Kishinev atasema, kama haya ndiyo yaliyowapata, mbona milioni mbili walikimbia?

Huyu mkuu wa polisi ndiye mtu anayestahili kuangaliwa sana. Yeye na Tevye wanaheshimiana. Anakuja mapema kumwonya kwamba yameagizwa machafuko madogo, yasiyo rasmi. Baadaye anarudi na amri: Wayahudi wote wauze walivyo navyo, waondoke kwa siku tatu. Tevye anamwuliza sababu, naye hana sababu ila karatasi. Ndipo Tevye anamfukuza katika kiwanja chake, kwa kuwa bado ni kiwanja chake, na yule mwenye bunduki na serikali nyuma yake anaondoka kimya. Ninausifu mwendo huu wa filamu. Mwenye kuandika vibaya angalimfanya mtu huyu kuwa shetani mwenye sharubu, nasi tungalimchukia kwa raha. Hapa hatupati raha hiyo. Ni mwema, na wema wake haukumfaa Tevye hata kwa siku moja ya nne.

Hata hivyo filamu imemtwika mtu huyu mmoja mzigo wa kijiji kizima. Wako wapi majirani? Mwanzoni twawaona vijana wa Kirusi wakicheza pamoja na Wayahudi katika nyumba ya pombe, wakiwatakia heri. Kama miongoni mwa walioharibu arusi walikuwamo wale wale waliocheza, picha haikawii pale kutuonyesha. Na padre wa kijiji? Twatajiwa cheo chake mwanzoni. Kisha mke wa Tevye, Golde, anamwendea kwa hofu kuuliza habari za binti yake. Siku ya kufukuzwa hatumsikii akinena neno. Labda kunyamaza kwake ndiyo kweli yenyewe ya historia, lakini filamu yapasa ituonyeshe mtu anayenyamaza, si kumwacha nje ya picha. Sisi tusomao gazeti hili, tunapotazama, huketi mara moja upande wa Tevye na kusikitika naye. Mahali petu katika kijiji kile palikuwa upande mwingine, upande wa kengele za kanisa, na filamu haituongozi huko.

Filamu ya pili ni ya zamani zaidi, haina rangi, na watu wake wanasema Kiyidishi. Jina lake ni Tevya, nayo ilitengenezwa na Maurice Schwartz, ambaye mwenyewe alizaliwa Ukraine na ndiye aliyecheza Tevye. Walipiga picha karibu na New York, katika mashamba ya Long Island, wakati wa kiangazi cha 1939. Fikirini mwaka huo. Kazi ilikuwa haijaisha bado na huko Ulaya vita vikawaka, na miaka michache baadaye Wayahudi wa nchi ile iliyoigizwa shambani waliuawa kwa mamia ya maelfu. Schwartz hakuyajua yatakayokuja, lakini picha yake ina uchungu ambao soksi haiwezi kuufunika.

Katika filamu hii majirani wamo. Tevye amekwisha pewa saa 24 tu, nao wanakuja kununua vyombo vyake kwa bei ya chini, wakibishana juu ya senti. Mnada ule waniuma kuliko mito iliyopasuliwa. Mtu aliyeijua nyumba yako, aliyenunua maziwa yako miaka yote, sasa anapima kitu chako kwa macho na kungoja bei ishuke zaidi. Hapo twafahamu kitu kisichoelezwa na filamu ya 1971, ya kwamba kufukuzwa kwa watu huwa na faida kwa wengine, na faida hiyo huwafanya wengi wasiulize maswali.

Lakini Schwartz naye ana kosa lake. Wakristo wake karibu wote ni watu wakali, walevi, wenye kejeli, na padre wake ni mjanja. Sisemi hivyo kwa kuwa naona aibu juu ya dini yetu. Nasema hivyo kwa sababu mtazamaji Mkristo atajiambia, mimi si mlevi wala mkali, basi habari hii hainihusu, naye atatoka salama. Wazee wa Sholem Aleichem, pamoja na adabu zao na madirisha yao, hawamwachii mlango huo.

Jambo jingine ni binti wa tatu, Chava, aliyeolewa na Mkristo, na baba yake akamhesabu kuwa amekufa. Katika hadithi Chava anamrudia baba siku ya kufukuzwa. Schwartz amefuata hivyo, naye amemfanya amwache mume na dini ya mume, atubu, apokelewe. Filamu ya 1971 imegeuza. Chava na mumewe wanakuja kuaga, wakisema kwamba nao wanahama, kwa kuwa hawawezi kukaa na watu watendao hivyo. Tevye hawajibu, akifunga mizigo, ila anamnong'oneza binti yake mkubwa awaambie Mungu awe nao. Wengine wanasema huo ni ulaini wa watu wa Marekani, waliotaka ndoa za dini mbili zisionekane mbaya. Huenda. Mimi naona mume huyu ni Mkristo peke yake katika filamu ile anayelipa kitu. Anaiacha nchi yake, hali hakufukuzwa. Amepewa dakika moja tu, na dakika hiyo yanitosha kuisamehe filamu mambo kadhaa.

Na wanakwenda wapi? Schwartz amempeleka Tevye katika Nchi Takatifu. Jewison amempeleka Marekani, kwa watazamaji wenyewe, ili wapate kusema, huyu ndiye babu yetu. Sholem Aleichem alimwacha njiani. Wala filamu hizi hazigusi swali la nani alikuwa akikaa tayari mahali wanapokwenda wakimbizi. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaweza kuliuliza, maana baada ya Kishinev, mwaka huo huo wa 1903, serikali ya Kiingereza iliwaahidi Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, ambayo leo imo katika Kenya. Watu watatu walitumwa kuikagua, na mkutano wa Wayahudi ukaikataa mwaka 1905. Hakuna aliyewauliza Wanandi na Wamasai. Twapaswa kuyajua yote mawili kwa pamoja, msiba wa wale waliotafuta pa kukaa, na ukimya wa kutoulizwa wenyeji.

Mwalimu atakayewaonyesha vijana filamu ya 1971 ajue kwamba ni ndefu, karibu saa tatu nzima, na imekatwa katikati kwa mapumziko, pale arusi ilipokwisha haribiwa. Nyimbo ambazo watu huzipenda nyingi zimo kabla ya hapo, na wengi hulala au huenda zao. Awangoje warudi. Karibu na mwisho Golde anashika ufagio na kuifagia nyumba ambayo hataiona tena, kwa kuwa hataki kuiacha chafu. Wala hakuna wimbo hapo.